Tabaka la Mwisho la Ufito wa Baba Mkwe

YAH: UKWANGUAJI NA UPAKAJI UPYA WA VANISHI KATIKA UFITO MMOJA (1) WA KUVULIA SAMAKI, MALI YA MAREHEMU MWANACHAMA, KWA AJILI YA KABATI LA KIOO LA CHAMA

Namba ya kumbukumbu ya barua hiyo ilikuwa ndefu kuliko ufito wenyewe. Iliandikwa na Kamati Ndogo ya Kabati ya Chama cha Wavuvi wa Ndoana, kamati yenye watu watatu: mwenyekiti, katibu ambaye ni mwenyekiti huyo huyo akiwa amevaa miwani, na mjumbe wa tatu ambaye tangu ateuliwe hajawahi kuonekana kikaoni. Mwenyekiti alikuwa shemeji wa aliyeandikiwa, na nyumba zao zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Angeweza kumwita kwa sauti. Lakini jambo likisemwa juu ya ua ni umbea. Likiandikwa, ni maagizo.

Aliyeandikiwa alilielewa hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa amestaafu ofisi ya vibali ya manispaa, na mtaa mzima ulimwita Bwana Viambatisho, kwa sababu katika utumishi wake wote hakuna mtu aliyewahi kufika mezani kwake na karatasi zikatosha. Ukileta nakala, anataka yenyewe. Ukileta yenyewe, anauliza nakala iko wapi.

Ufito aliupokea umeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Ulikuwa wa mwanzi, mali ya marehemu baba mkwe wake, mzito kuliko ulivyoonekana, na vanishi yake ilikuwa imechakaa na kupasuka kama tope la kiangazi. Haukuwa na mshipi, wala ndoana, wala pete hata moja. Aliulaza bandani juu ya viti viwili, akaenda kulala. Asubuhi alikuta chini ya ncha yake kidimbwi cha maji ya kujaza kisahani. Akatazama bati. Bati halikuvuja, na mvua ilikuwa imewasahau kitambo. Akapangusa, naye akasahau. Jambo lisilo na fomu yake lilimwia gumu kulikumbuka.

Mkewe alikuja na kikombe cha chai, akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Unataka kuufanya nini?"

"Naukwangua, kisha napaka upya. Agizo la kaka yako."

"Baba hakuwa akikwangua," mkewe alisema. "Kila mwaka alipaka juu ya ile ya mwaka uliopita. Tulipomuuliza kwa nini, alisema kuna nguo huvuliwi, unaongezewa koti."

"Barua, aya ya tatu: tabaka zote za zamani ziondolewe hadi mti mtupu, bila kubakiza."

"Hiyo barua ilimjua baba?"

"Barua haina haja ya kumjua mtu, mke wangu. Ndiyo maana ikawa barua."

Mkewe alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeolewa siku nyingi, akaiacha chai juu ya pipa na kurudi jikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Alipaka dawa ya kubandua, akangoja ivimbe, akakwangua kwa kipande cha bati alichokikunja ukingo. Tabaka la juu lilitoka likiwa la rangi ya chai ya rangi. Chini yake la asali. Chini ya hilo jekundu kidogo, kama kucha iliyobanwa. Alikwangua miaka ya mzee yule mmoja baada ya mwingine, akipiga mluzi, mpaka alipogundua kwamba banda halinuki dawa tena. Lilinuka tope. Si tope la njiani: tope la chini kabisa ya bwawa, ambalo halijawahi kuona jua.

Kutoka jikoni mkewe akasema, "Aah!"

Alimkuta ameshika pembe ya mdomo. "Kuna kitu kimenichoma. Kama mwiba wa samaki."

"Tumekula samaki lini?"

"Ndiyo nashangaa."

Hapakuwa na kidonda. Lakini jioni ile, alipokunywa chai, ilimwagika pembeni, na pembe ya kulia ya mdomo wake ilikuwa imepanda juu, kidogo tu, kana kwamba amesikia mzaha ambao wengine hawajaupata.

Hospitali walisema ni kiharusi chepesi. Walimpa vidonge na kadi ya kurudi, wakamwambia apumzike na asikasirishwe. Bwana Viambatisho aliipenda ile kadi. Ilikuwa na mhuri. Na kwa kuwa mtu aliyezoea meza, msiba ukimfika, hutafuta meza, alirudi bandani kuendelea kukwangua. Hakujua afanye nini kingine. Nusu saa akwangue, nusu saa aende kumtazama. Na kila alipokwenda, ile pembe ya mdomo ilikuwa imepanda zaidi.

Tabaka la mwisho halikutoka kama mengine. Lilikuwa pale penye unene, mvuvi anapokamata, na halikuwa unga wala magamba. Lilinyanyuka lote kwa pamoja, laini, jembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai, na lilipoachana na mti lilitoa sauti ndogo ya kubusu. Alilishika mbele ya dirisha. Jua lilipita ndani yake. Lilikuwa na mistari: mmoja mrefu uliopinda, mingine miwili ikiukata. Alama za brashi, alijiambia, akalitupa kwenye pipa pamoja na mabaki mengine, na asubuhi gari la taka lilipopita likachukua vyote.

Ila mti sasa ulikuwa mtupu, kama aya ya tatu ilivyotaka, na juu ya mti mtupu palikuwa na alama ya mkono. Nyeusi, imezama kwenye mwanzi kama kovu la moto, kiganja kipana na vidole vilivyouzunguka ufito mara moja na kurudi kuuzunguka tena. Alihesabu pingili za kidole kimoja akaacha, kwa sababu hazikuisha pale zilipopaswa kuisha. Aliigusa ile alama. Ilikuwa na maji.

Majini ya watu wengine huja usiku wa manane, paka wakilia. Hili lilikuja saa za kazi. Ilikuwa mchana mweupe, redio ya jirani ikitangaza bei za vitunguu, wakati ufito usio na mshipi wala ndoana ulipojiinua taratibu kutoka kwenye viti viwili, ukasimama hewani kwa mshazari kama uliokamatwa na mtu mrefu asiyeonekana, na ncha yake ikapinda kuelekea dirisha la chumba cha kulala, ikatetemeka, ikalegea, ikapinda tena; na kutoka chumbani mkewe akapiga yowe ambalo lilianza kama jina la mumewe na kuishia kama sauti ya mtu anayevutwa shavu.

Alikimbia. Mkewe alikuwa ameanguka kutoka kitandani na kuburuzwa hadi mlangoni, uso ukiwa mbele na mwili ukifuata, mikono imeng'ang'ania mguu wa kabati, mdomo umevutwa upande mpaka fizi zikaonekana, na ile ngozi ya pembeni imechongoka mbele kama hema kwenye mti wake, ikivutwa na kitu ambacho hakikuwepo; naye akamkumbatia kiunoni akavuta, na huko bandani mwanzi ukalia kriii, kwa raha, kama unavyolia mkononi mwa mvuvi aliyepata samaki mkubwa na hana haraka naye.

"Usinivute," mkewe alisema kwa nusu ya mdomo. "Ukinivuta inachana."

Akaacha kuvuta. Ikabaki kumshika tu, wakahema pamoja sakafuni, mpaka upande wa pili ukalegeza.

Siku hiyo alifanya yote ambayo mtu hufanya. Alimfunga mkewe kitandani kwa shuka, huku akimwomba radhi kwa kila fundo. Alirudi bandani, ufito ukiwa umelala tena juu ya viti kwa utulivu wa mtumishi aliyeona bosi anakuja, akaupaka vanishi mpya. Mahali pengine ilishika. Juu ya ile alama iliteleza kama mafuta juu ya maji, ikadondoka chini. Alipangusa, akakausha kwa kitambaa, kwa moto wa mshumaa, kwa pumzi yake mwenyewe, lakini maji yalirudi. Mwishowe aliukamata ufito auvunje gotini. Mwanzi ulipoanza kutoa mlio tu, mkewe alilia huko ndani, na alipofika damu ilikuwa inamtoka mdomoni.

Shemeji alipanda juu ya kigoda akachungulia juu ya ua. "Shemeji! Kuna nini huko? Na ufito umefikia hatua gani? Nahitaji taarifa ya maendeleo."

"Dada yako anakufa."

Shemeji akatafuta kalamu mfukoni. "Niandike hivyo?"

Mganga alikuwa anakaa mtaa wa pili, na hapo ndipo Bwana Viambatisho alipokunywa alichokitilia chumvi. Mama huyo alikuwa amewahi kuomba kibali cha kufukuza majini, akakataliwa na Bwana Viambatisho huyo huyo, si kwa kutoamini majini, bali kwa sababu fomu haikuwa na kisanduku chake. Hatimaye alimwandikisha chini ya "usafi wa majengo na huduma zinazofanana." Bango lake linasema hivyo hadi leo.

Alimkuta anachambua mboga mlangoni.

"Mama, naomba unisaidie."

Mganga alimtazama kuanzia viatu. "Umekuja na viambatisho?"

"Mama, nakuomba."

"Nakala mbili. Na barua ya utambulisho."

Bwana Viambatisho alipiga magoti juu ya maganda ya mboga, akafungua kinywa aseme, kikatoka kilio. Mganga akaiweka sinia chini, akajipangusa mikono kwenye khanga.

"Haya, basi, inuka baba. Nilikuwa natania. Nilisubiri miaka kutania, ungeniacha nimalize."

Hakubeba ubani wala kuku. Alifika bandani, akanusa, akautazama ule mkono kwenye mwanzi bila kuugusa, akakaa juu ya pipa.

"Ulikuta nini juu ya hapa?"

"Vanishi."

"Chini ya vanishi."

"Vanishi ya chini. Ilitoka nzima. Ilikuwa laini. Ilikuwa na mistari."

"Mistari ya namna gani?"

Bwana Viambatisho aligeuza kiganja chake mwenyewe juu, akakitazama. Kisha akakikunja haraka, kama mtu aliyefumaniwa na barua ya mwenziwe.

Wakaenda chumbani. Mganga alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwita mgonjwa mwanangu, akamuuliza kuhusu baba yake.

Mkewe alisema polepole, akiushika mdomo wake kwa vidole ili maneno yapite. "Nilikuwa mtoto. Bwawani. Baba alinipa nimshikie ufito wakati anafungua fundo la mshipi mwingine. Kitu kikavuta. Nikavuta. Nilidhani samaki. Ukatoka mkono, mama. Ukaja juu ya mshipi kama mtu anayepanda kamba, ukakamata hapa, juu ya mkono wangu, na sauti ikasema, umevua ya kutosha, sasa ni zamu yangu. Nikahisi mdomoni hivi hivi. Kisha sikumbuki. Waliniambia ilikuwa homa."

"Na baba yako?"

"Baba alikuwa na kiganja kimoja hakina mistari." Machozi yalianza kumtoka. "Cha kulia. Kinang'aa, kama kimepakwa. Tulikuwa tunamtania kwamba hata mtabiri angemrudishia hela yake. Hakuwahi kucheka."

Mganga aliitikia kwa kichwa. "Jini huyu ni mvuvi. Hana pupa, na hana nguvu kama hana pa kushika. Mzee alimziba mahali pake pa kushikia kwa kitu pekee ambacho maji hayakisukumi, kisha kila mwaka akawa anakivika koti kisichakae." Akamgeukia Bwana Viambatisho. "Mpaka wewe ukamvua."

"Agizo lilisema—"

"Najua agizo lilisema. Sasa mimi sisemi agizo. Nasema kinachowezekana. Weka mkono pale, juu ya mkono wake. Upake vanishi juu ya mkono wako. Usiachie mpaka ikauke. Ukiachia kabla, amempata."

"Na ikishakauka?"

"Unatoka. Utakachokiacha, unakiacha."

"Usifanye," mkewe alisema. "Mume wangu, usifanye. Nimeishi zaidi ya nilivyopaswa."

Alimfungua mafundo ya shuka moja baada ya jingine. Ilibidi, mganga alisema mtu hafungwi wakati mshipi umekaza, atachanika. Kisha alikwenda bandani, akafungua kopo, akachukua brashi kwa mkono wa kushoto, na kabla hajapata muda wa kufikiri kama binadamu mwenye akili timamu, akakamata ufito kwa kulia, juu ya alama.

Chini ya kiganja chake palikuwa na kiganja kingine. Kilikuwa baridi, kipana, na hakikupigana. Kilingoja. Kisha kidole kirefu kikaingia kati ya vidole vyake na kuanza kuvinyanyua, kimojakimoja, kwa upole, kama mama anavyomfungua mtoto ngumi aliyoficha peremende, na yeye akakaza, na ufito ukapinda, na mlangoni akatokea mkewe akiburuzwa kwa mdomo, mganga amemkumbatia kiuno na visigino vyake vinachora mistari miwili kwenye vumbi, na brashi katika mkono wake wa kushoto, ambao maisha yake yote haukuwahi kufanya kazi yoyote isipokuwa kushikilia karatasi ili wa kulia ugonge, ilikuwa inapaka ukuta, inapaka shati, inapaka hewa, inapaka kila kitu isipokuwa mkono.

"Lete!" Mkewe alikuwa amefika. Uso wake ulikuwa karibu na ncha ya mwanzi kiasi cha kuibusu. Aliinyakua brashi. "Unapaka kama unagonga mhuri."

Akapaka. Alikuwa amemwona baba yake akipaka kila mwaka na mkono wake ulijua: kwa urefu, taratibu, bila kurudia palipopakwa. Alipaka vidole vya mumewe, akapaka kati ya vidole, na kile kidole kingine kilichokuwa katikati kilijaribu kushika, kikateleza, kikajaribu, kikateleza, na tope likanuka mpaka wote watatu wakakohoa, na juu ya vichwa vyao, mahali ambapo kichwa cha mtu mrefu kingekuwa, kitu kikavuta pumzi ndefu kupitia maji.

"Usiachie," mganga alinong'ona.

"Siachii."

"Usimjibu akikusemesha."

Alimsemesha. Alichomwambia hakuwahi kukirudia kwa mtu, isipokuwa kwamba kilisemwa kwa adabu sana, na kwamba alimwita kwa cheo chake cha kazini.

Jua lilihama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Vanishi ikashika utando, ikaganda, ikakauka. Mkewe akagusa pembe ya mdomo wake, akakuta ni pembe ya mdomo tu.

"Sasa toka," mganga alisema. "Usivute. Toka kama unavyotoka kwenye koti."

Akatoka. Kulikuwa na ile sauti ndogo ya kubusu. Mganga alimfunga mkono kwa khanga yake kabla hajautazama, na huo, katika huduma zote za usafi wa majengo alizowahi kutoa, ulikuwa wema wake mkubwa kuliko wote.

Ulipita muda, wastaafu wakaitwa kuhakikiwa. Bwana Viambatisho aliweka kiganja kwenye mashine, mashine ikanyamaza. Kijana wa dirishani akampangusa kidole, akampangusa tena, akamwambia kwa heshima zote, "Mzee, mfumo unasema hakuna mtu. Ulete uthibitisho kwamba uko hai. Pamoja na viambatisho."

Hakugombana. Aliulizia foleni ya pili iko wapi.

Ufito sasa uko kwenye kabati la kioo. Mara moja kwa mwaka yeye na mkewe huomba kuingia kuufuta vumbi, na kwenye mkoba wa mkewe huwa na kopo dogo na brashi. Lakini Kamati Ndogo imeandika tena. Barua inasema kwamba pale penye kushikiwa pameonekana uvimbe wenye sura ya kiganja, usiopendeza machoni mwa wageni, na kwamba usawazishwe kwa msasa. Bwana Viambatisho alijibu siku hiyo hiyo, kwa maandishi mabovu ya mkono wa kushoto: anaomba muhtasari wa kikao kilichopitisha uamuzi huo, akidi ikiwa imetimia, na saini za wajumbe wote watatu, halisi na nakala.

Shemeji alipanda kigoda. "Shemeji, huyo mjumbe wa tatu nitampata wapi mimi?"

"Sijui, shemeji. Lakini bila yeye, haiwezekani."

Juzi mkewe alirudi kutoka sokoni akakaa bila kuvua viatu. Alisema amekutana na mjumbe wa tatu. Ni mtu mrefu, mpole, na aliuliza kikao kijacho ni lini. Alimpa mkono kumuaga, na mkono wake ulikuwa na maji. Wakati akieleza hayo, alikuwa akijipangusa pembe ya mdomo, ingawa hakuwa amekula kitu.

Katika jalada la Chama imeandikwa: "Ukarabati umekamilika, isipokuwa dosari ndogo ya umaliziaji."

Kilichotokea ni kwamba mtu alikwangua ngozi ya baba mkwe wake akidhani ni vanishi, akaweka ya kwake mahali pake, na mpaka leo asubuhi mkewe alikuwa hai.